Meza ya Mama Mkwe Inakonda

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, nisamehe. Najua nilikutupa. Mara ya mwisho nilipokuandikia, mtoto alikuwa bado tumboni na mimi nilikuwa naahidi kuandika kila siku, kama nilivyoahidi pia kukunja nguo kila zinapokauka. Leo mtoto ana meno mawili. Nguo bado ziko kwenye kiti. Sikukusahau, nilikuwa macho tu. Mtu akiwa macho muda mrefu namna hii hana la kuandika, anaona tu vitu vinapita.

Mtoto mwenyewe tunamwita Mheshimiwa, maana akiamka wote tunasimama. Mchana halali. Kabisa! Anasinzia begani, nikimlaza tu anafumbua macho kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani.

Sasa yaliyonifanya nikutafute. Jana tulikaa kikao kwa Mama Mkwe. Anahamia nyumba ndogo, na stoo yake imejaa samani za zamani: kabati la vyombo, kabati la nguo, kitanda, viti. Akauliza nani azichukue. Wifi, dada wa mume wangu, akajibu swali halijatua bado. Atachukua zote, azipake rangi nyeupe, ndio mtindo. Nyeupe! Kabati lile la rangi ya asali! Hapo nikasikia mtu anasema yeye anaweza kuzirudisha zilivyokuwa zamani, bila rangi, mbao yenyewe ionekane. Nikageuka kumtazama huyo jasiri ni nani. Alikuwa mimi.

Mama Mkwe akasema haya, nianze na meza yake ya kulia. Atakuja kuiona Jumapili. Ikimpendeza, ufunguo wa stoo ni wangu. Isipompendeza, ni wa Wifi. Wifi akacheka kwa pua.

Si tamaa ya makabati. Mwezi ujao natakiwa nirudi kukaa kaunta ya supamaketi, Mheshimiwa abaki na mtu mwingine. Nikipata stoo ile, nitazitengeneza samani hapa hapa nyumbani na kuziuza, huku nikimsikia mwanangu akiongea na miguu yake chumba cha pili. Ndio mpango wangu wote. Una kasoro moja tu. Sijawahi kutengeneza samani yoyote maishani. Niliwahi kubandika mpini wa mwiko kwa gundi. Ulitokea kwenye uji.

Leo nimeanza kwa karatasi ya msasa, kwa mkono. Kona moja. Mkono ukawa si wangu tena. Nimeamua: mashine!

Nikambeba Mheshimiwa mgongoni hadi duka la vifaa. Kumbe mashine za msasa ni ukoo mzima. Moja ina kitako cha mviringo. Moja inafanana na pasi. Moja ina mkanda unaozunguka chini yake, kama kifaru cha jeshi. Nikamwuliza mwenye duka ipi nzuri. Akasema inategemea. Inategemea nini? Kazi. Nikasema meza. Mbao gani? Nikasema ya kahawia. Akanipa vipeperushi. Mteja mmoja akaingilia, akasema nichukue ya mkanda, hizo nyingine ni midoli. Mteja wa pili akasema ya mkanda itaila meza na mimi juu yake. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Mheshimiwa akawaunga mkono wote wawili kwa sauti. Nimerudi na vipeperushi vitatu, na ninajua kidogo kuliko nilivyotoka.

Nimempigia Dada. Dada yangu anaishi mji mwingine, karibu na maduka makubwa ya vifaa, na nikimwomba kitu hunitumia kwa basi. Amesema nichague tu, nimwambie, ataituma. Nichague tu! Anavyosema, utadhani ni nyanya.

Jumanne, 4 Machi

Mpango mpya. Sinunui nisichokionja. Nyuma ya nyumba yetu kuna karakana ya seremala, mtaa mzima unamwita Fundi Dakika Mbili. Kila kazi kwake ni dakika mbili. Kiti cha jirani yetu kiko pale tangu sijaolewa. Ana mashine zote tatu. Nimemwomba aniazime, kila siku moja, nionje. Akasema sawa, mradi nisimsumbue kwa maswali mengi. Nikamwuliza mengi ni mangapi. Akafumba macho.

Karakana yangu ni baraza ya nyuma. Nimejipanga! Mheshimiwa yuko chumbani, kitanda chake kimeegemea ukuta wa baraza, namsikia akigeuka tu. Mlango umefungwa, na juu yake nimetundika shuka lililoloweshwa lizuie vumbi. Baba Mheshimiwa alipendekeza asubuhi nimlete mtoto barazani anione nikifanya kazi, atachangamka. Nilimtazama. Akaenda kazini.

Nimeanza na ya mkanda, kwa sababu wanaume wawili waligombana kwa ajili yake, lazima ina kitu. Nikaiweka juu ya meza, ndipo nikabonyeza swichi. Ikaondoka! Ikakimbia meza nzima kama mbuzi aliyekata kamba, mimi nyuma nimeshika waya naomba isimame. Ilisimama ilipojichomoa plagi yenyewe. Imeacha bonde karibu na kona ya meza, ukipitisha kidole kinazama kama kwenye kijiko. Mheshimiwa alilia mpaka jirani akaja kuuliza tuna msiba gani.

Jioni Baba Mheshimiwa akakuta sinia la matunda limekaa kwenye kona ya meza. Akasema meza inapendeza. Nikamwambia asiguse matunda. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya meza.

Jumatano, 5 Machi

Leo zamu ya pasi. Haikimbii, inatetemeka tu mahali pamoja kama mtu mwenye homa. Nikasema huyu ndiye wa kuishi naye.

Kumbe karatasi za msasa zina namba mgongoni. Fundi alinipa boksi nichague. Nikachukua namba 400, ndiyo kubwa kuliko zote na kazi yangu ni kubwa. Nimepiga pasi meza ile asubuhi nzima. Vanishi haikutoka hata chembe. Imeng'aa! Ilikuwa imechoka, sasa imepumzika, inanitazama kwa dharau. Mheshimiwa hakulia wala hakulala. Kila nikichungulia, amelala chali anatazama dari, kama mtu anayesubiri huduma.

Na nani akatokea? Wifi. Hakupiga simu, hakubisha, alisikia tu njaa ya kuniona nikishindwa. Akasema nimekuwa mweupe wifi yake, au ndio vipodozi vipya. Amenibebea zawadi: kopo la rangi nyeupe. Eti la siku nitakayochoka. Akapitisha kidole juu ya meza, akauliza mbona vanishi bado ipo. Nikamwambia hii ni hatua ya kwanza. Akauliza hatua ya pili ni nini. Nikasema hatua ya pili inafuata. Akataka tunda. Nikamwambia hayajaiva. Yalikuwa machungwa. Akaondoka anatabasamu, na tabasamu la Wifi si la kuaminika hata akiwa amelala.

Fundi akanieleza habari za namba. Ndogo ndiyo kali, kubwa ndiyo laini. Nikauliza kwa nini iwe hivyo. Akasema ndivyo ilivyo. Nikasema basi aliyezipanga alishika boksi kichwa chini. Fundi akasema hilo lilikuwa swali la tatu leo. Nikamwambia hilo halikuwa swali.

Kwa hiyo ndogo kali, kubwa laini. Ndogo kali. Kama Wifi! Sasa sitasahau.

Alhamisi, 6 Machi

Ya mviringo. Siku ya ajabu hii, sijui hata niianzie wapi.

Nianzie kwenye matundu. Karatasi zake ni za duara na zote zimetobolewa. Nikasema Fundi huyu, ananipa zilizotumika! Nikakaa naziba matundu moja moja kwa selotepu. Nilipoanza kazi, vumbi likaruka pande zote, likaingia puani, likaingia kwenye kikombe cha chai kilichokuwa dirishani. Nikamwita Fundi. Akaishika karatasi yangu juu, akaitazama muda mrefu kama daktari na picha ya mbavu. Akasema matundu ni ya vumbi kupitia, liende kwenye mfuko. Mfuko gani? Akaunyooshea kidole ule niliokuwa nimeuvaa kichwani kuficha nywele.

Haya. Nikafunga mfuko mahali pake, nikaweka karatasi namba 80, matundu juu ya matundu. Nikawasha. Ikavuma. Si kelele, ni mvumo, kama nyuki wanaosoma pamoja. Nikaishusha juu ya meza, mvumo ukashuka, ukawa mnene. Na nyuma ya ukuta, kimya.

Nikachungulia. Mheshimiwa amelala! Mdomo wazi, mikono juu kama mshindi. Mchana! Nilikaribia kulia. Nikazima mashine ili nami nijilaze kidogo pembeni yake.

Macho yakafumbuka.

Nikarudi mbio, nikawasha. Yakafumba. Nikazima. Yakafumbuka. Basi nikawasha, nikakaa kwenye kazi. Ubao ulioanza kuonekana chini ya vanishi, sijui nikwambie nini. Mistari yake ni kama maji yanayopita juu ya mchanga. Nikapiga upande mmoja, nikapiga upande wa pili. Meza ikaisha vizuri kabisa. Mheshimiwa hakuisha.

Ndipo nikajaribu ujanja. Kuiachia mashine ivume hewani? Hapana, hewani inapiga mluzi, anaamka. Kuikandamiza kwenye ubao mwingine niliouokota? Mvumo unabadilika, anaamka. Nikarekodi kwenye simu, nikaiweka karibu na sikio lake. Aliitazama simu, akanitazama mimi. Niliona aibu. Mtoto huyu anataka mvumo wa mashine ya mviringo, juu ya meza ya bibi yake, na si vinginevyo.

Basi nikaendelea kupiga meza iliyokwisha. Mama afanyeje?

Ila uchaguzi umekwisha! Ya mviringo. Au labda nusu imekwisha. Kwenye mbao ni nzuri, kwa Mheshimiwa ni nzuri, lakini sijui nachagua mashine ya meza au ya mtoto, na kwenye vipeperushi hakuna mahali wameandika.

Ijumaa, 7 Machi

Mheshimiwa kalala asubuhi, kalala mchana, kalala jioni. Nimempiga meza mara zote. Namaanisha nimeipiga meza. Nina usingizi.

Baba Mheshimiwa karudi, kajilaza kitandani na mtoto, naye kalala. Nikawa navuma kwa ajili ya watu wawili. Alipoamka akaniuliza mbona meza kama imeshuka. Nikamwambia ni yeye amerefuka.

Lakini jioni nimeona kitu katikati ya meza. Doa. Jeupe, lenye mistari inayokwenda kinyume na mingine, umbo lake kama wingu. Nikafuta, halitoki. Nikapiga msasa, likakua! Nikafurahi kidogo, nikidhani nimefika kwenye ujana wa meza. Nikamwita Fundi.

Fundi akainama. Fundi Dakika Mbili akalichunguza doa zaidi ya dakika mbili. Halafu akaniuliza nimeipiga kwa muda gani. Nikasema inategemea na mtoto. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mfiwa. Ile mbao nzuri ya juu si meza, ni ngozi tu, nyembamba kama ganda la kitunguu, imebandikwa juu ya ubao wa hovyo. Samani nyingi za wakati ule ziko hivyo. Unapitisha msasa laini juu juu, unaacha. Mimi nimeichuna. Akauliza kwani sikuona vanishi imekwisha. Nikasema niliona. Akauliza basi kwa nini sikuacha. Nikamwambia aingie ndani anyamaze, ajaribu kupumua kwa nguvu, aone nani ataamka.

Amesema ngozi ikishatoka hairudi. Jumapili ni keshokutwa. Nilikaa sakafuni na kutazama miguu ya meza. Yenyewe bado iko vizuri.

Baba Mheshimiwa akanipa chai, akasema taratibu kuwa labda tumwachie tu Wifi, kaunta si mbaya, nina kiti cha kuzunguka pale. Nikasema hapana. Akasema lakini. Nikasema hapana, na hiyo chai iongeze sukari. Aliongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata! Nimeamka na jibu kichwani, au sikulala, sikumbuki. Doa ni jeupe, meza ni ya kahawia, kwa hiyo kinachokosekana ni kahawia. Nikatazama nyumba nzima nani ana kahawia. Viatu vya Baba Mheshimiwa!

Rangi ya viatu. Nimeipaka kwenye doa kwa brashi, polepole, nikafuata mistari, nikasugua kwa kitambaa. Mwanzoni ilikuwa nzuri kweli. Nikarudi nyuma hatua chache, nikafumba jicho moja. Ukifumba jicho moja huoni kitu. Ukifumbua, kuna wingu la rangi ya viatu vya shule, linang'aa, na baraza nzima inanuka Jumatatu asubuhi.

Nikasema niipunguze kwa msasa. Rangi ikaganda kwenye karatasi, karatasi ikawa inaipaka upya kila inapozunguka, ikaipeleka hadi pembeni. Mheshimiwa kwa wakati huo alikuwa amelala usingizi mzuri kuliko wa wiki nzima. Kwa hiyo sikuweza kuacha. Nilikuwa naharibu na kuharibu, nikiusikia upumuaji wake ukutani, na kusema kweli, daftari, nilikuwa na furaha. Sielewi. Mtu anaharibu meza ya mkwewe na moyo umetulia.

Nimetandika kitambaa cha meza. Juu ya kitambaa, sinia la matunda. Mpango wa kesho: Mama Mkwe akae mbali, aongee mengi, aondoke mapema.

Jumapili, 9 Machi

Naandika huku nacheka peke yangu.

Walikuja wote wawili. Mama Mkwe na mkoba wake, Wifi na nywele mpya za saluni. Nikawakaribisha sebuleni. Mama Mkwe akasema hakuja kuona sebule, mwanangu, amekuja kuona meza. Nikaleta juisi. Akainywa akiwa njiani kuelekea barazani.

Wifi ndiye aliyevuta kitambaa. Alikivuta kama askari, matunda yakamwagika. Basi vyote vikawa wazi: wingu, viatu, bonde. Chungwa moja likabingirika hadi kwenye kiatu cha Mama Mkwe, likasimama. Wifi akasema kwa upole wa sumu kuwa rangi nyeupe ingefunika yote hayo, na kopo si lipo pale dirishani? Mama Mkwe aliweka kiganja juu ya meza. Nikaona ufunguo wa stoo kidoleni mwake, umening'inia kwenye kamba.

Hapo Mheshimiwa akaanza. Kilio kile cha usingizi kisichotaka kulala. Mama Mkwe akamchukua, akamwimbia, akamtembeza, akampa funguo, akampa mkufu. Wifi akamchukua, Mheshimiwa akazivuta nywele. Nikasema samahani Mama, nikamlaza chumbani, nikafunga mlango, nikaweka shuka, nikafunga kitambaa usoni, nikawasha mashine nikaishusha juu ya meza mbele yao.

Kimya. Mama Mkwe akaenda kuchungulia. Akarudi kwa vidole vya miguu.

Akaniuliza katikati ya mvumo kama ndiyo hivi siku zote. Nikasema tangu Alhamisi, Mama. Akauliza mimi nalala saa ngapi. Nikaanza kufikiri, na macho yakajaa. Nikamwambia ni vumbi. Akaninyang'anya kitambaa, akakifunga usoni mwake, akashika mashine. Akaniamuru nikalale. Nikasema Mama, haifai. Akasema si ombi. Nikamwonyesha haraka: usiinyanyue, usiizime, na ukiihamisha uihamishe polepole maana anajua. Wifi akacheka. Mama Mkwe akamwambia acheke huku ameishikilia meza, inatikisika.

Nikajilaza kando ya mwanangu. Nikausikia mvumo ukipita ukutani hadi kwenye mto. Kumbe ndivyo anavyosikia! Sikumaliza kuwaza hivyo.

Kimya ndicho kilichotuamsha, mimi na Mheshimiwa pamoja. Jua limehama ukutani. Kitu kinanuka kuungua. Nikatoka mbio na mtoto, nikaishia kwenye mlango wa baraza.

Mama Mkwe amesimama, mweupe tangu kichwani hadi kwenye vidole, mashine mkononi inafuka moshi. Mbele yake, pale pale kwenye lile bonde la Jumanne, tundu. Limepita! Na chini ya meza amechuchumaa Wifi, bado ameishikilia, nywele za saluni zimejaa unga wa mbao. Mwishowe kapata kitu cheupe.

Mama Mkwe akasema bila kugeuka kwamba kila alipotaka kuihamisha, Mheshimiwa alikohoa. Kwa hiyo hakuihamisha. Akainamisha jicho kwenye tundu. Jicho la Wifi likamtazama kutoka chini. Sijui nani alianza kucheka, nadhani alikuwa Mheshimiwa.

Tulipopata pumzi, Wifi akasema basi Mama umejionea, meza imekwisha, stoo ni yangu. Mama Mkwe akajipangusa uso. Akasema ndiyo, amejionea. Mke wa mwanawe kaipiga meza hii wiki nzima na bado ilikuwa inabeba matunda. Yeye kaimaliza kwa usingizi mmoja. Kati yao wawili, anayejua kazi ni nani? Wifi akasema Mama, na rangi ya viatu je? Mama Mkwe akasema hata viatu ni kazi. Akauvua ufunguo kidoleni, akaufunga kwa kamba yake kwenye mkono wangu, maana mikono yangu yote ilikuwa imembeba mtoto.

Wifi akaondoka bila kuaga vizuri. Kopo lake limebaki. Baba Mheshimiwa kajaribu kuliweka kwenye tundu. Limeingia kama lilipimwa.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo ni yangu! Kaunta baibai! Mkokoteni umeleta kabati la vyombo asubuhi hii. Rangi ya asali, milango miwili, limesimama barazani kama mgeni aliyekuja na heshima zake.

Fundi amekuja kuchukua mashine yake. Aliinusa, akakaa chini. Nimemwahidi mpya. Kabla hajaondoka akaligonga kabati kwa kidole, akaniambia hili nalo ni ngozi, tena nyembamba kuliko ya meza. Nitumie mkono tu, namba kubwa, juu juu, niache. Nikaitikia kwa kichwa. Alisema nirudie alichosema. Nikasema juu juu, niache. Akaenda akiwa ameridhika.

Lakini kwa mkono Mheshimiwa halali. Nimejaribu. Na kabati hili lina pande nyingi kuliko meza, pande zote hizo ni usingizi. Wiki hii nimejifunza mengi, daftari langu. Nikipata nafasi nitayaandika. Nimeshachagua mashine, na nimemwandikia Dada ujumbe huu, naunakili hapa nisije nikasahau:

Dada, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa na kazi. Nimechagua. Tuma kwa basi la kwanza:

Mashine ya msasa ya mviringo, mbili. Moja ya Fundi, moja yangu. Usinunue kwa kuiangalia. Mwambie mwenye duka aiwashe na aikandamize kwenye meza. Ikivuma kama nyuki wanaosoma, ndiyo. Ikipiga mluzi, rudisha. Kama kuna mtu dukani amebeba mtoto mchanga, simama karibu naye uone.

Ile ya mkanda nayo, moja. Kabati ni kubwa. Safari hii nitaifunga kamba.

Karatasi za duara, boksi zima, zile kali. Sikumbuki kama kali ni namba kubwa au ndogo. Kuna jambo kuhusu Wifi lilikuwa linanikumbusha. Tuma kubwa.

Selotepu, kubwa.

Rangi ya viatu ya kahawia, makopo manne, kabati lina milango miwili.

Na meza moja, Dada. Yoyote, hata mbovu, si ya kutengeneza wala ya kulia. Iwe nene tu. Nene hasa.